Picha Kali ya Si Maati

Picha za Bouchta hazikuwa kali. Kila mwaka, kwenye sherehe ya walii, wapanda farasi walitoka kwenye kamera yake kama moshi wa ubani: kanzu nyeupe zikiyeyuka vumbini, farasi wasio na miguu, bunduki kama vijiti ndani ya maji. Watu walinunua huku wakicheka. Rahhal, kijana mwenye ulimi mrefu, alisema kwamba Bouchta akimpiga picha bibi harusi na punda, bwana harusi atalazimika kubahatisha.

Si Maati, yaani Bwana Maati, hakucheka. Yeye alikuwa kiongozi wa kikosi cha mchezo wa baruti, wapanda farasi wanaokimbia mstari mmoja na kufyatua bunduki kwa pamoja, na Bouchta alikuwa sahibu yake tangu walipochunga kondoo pamoja. Siku chache kabla ya sherehe alikuja dukani kwa Bouchta, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, akanywa chai ya nanaa. Kisha akaeleza. Maneno yalikuwa yanazunguka mahemani, kwamba Maati amezeeka, farasi wake anachelewa, mstari unapinda katikati. Aliyekuwa akiyapika ni huyo huyo Rahhal, mtoto wa ndugu yake, aliyetamani kuongoza.

"Nipigie picha moja kali," alisema. "Bunduki zikilia kwa sauti moja, farasi kifua kwa kifua. Nikiwawekea mbele, watafunga midomo. Lakini usiniletee mawingu yako, Bouchta."

Bouchta aliota farasi wakikimbia chini ya maji, na alipoamka kosa lake lilikuwa limekaa wazi kichwani. Miaka yote alibana tundu la lenzi, apate kila kitu, kuanzia kwato hadi mahema ya mbali. Kumbe tundu dogo hunywa mwanga polepole, na farasi hangoji mtu amalize kunywa. Safari hii angelifungua lote na kupandisha kasi ya kamera hadi mwisho. Shida ni moja: tundu likiwa wazi, lenzi huona sawasawa ukanda mwembamba tu. Aliye mbele ya ukanda au nyuma yake huyeyuka. Hilo halikumtisha. Kikosi cha Maati kilikuwa mstari ulionyooka, nao ungeenea humo.

Siku yenyewe alizungusha lenzi kwa mkono mpaka punje za mstari wa chokaa zikasimama moja moja, pale uwanjani ambapo bunduki hulia. Akaifunga kwa utepe isisogee. Akalala kifudifudi, akaegemeza viwiko kwenye gunia la shayiri, akabana pumzi.

Walikuja kutoka upande wa jua. Mwanzo hawakuwa na sauti, walikuwa weupe tu, kama shuka zinazopepea kwenye kamba. Kisha ardhi ikaanza kuongea chini ya tumbo lake. Shanga za hatamu zikameta, Si Maati akapaza sauti, na baruti ikalia mara moja, kama mlango mmoja mkubwa uliofungwa mbinguni. Vigelegele vilimfikia kutoka mbali, kama mtu anayesikia akiwa usingizini.

Moshi ulipoondoka aliangalia kioo cha kamera. Kulia na kushoto, hadi nyuzi za vilemba zilihesabika. Katikati, mahali pa Si Maati na farasi wake, palikuwa na wingu la kijivu, nyuma ya wenzake kwa urefu wa farasi mzima, limeyeyuka kama zamani. Hapo ndipo Bouchta alipoelewa kwamba ukungu wake ulikuwa umemsitiri rafiki yake miaka yote hiyo.

Alitaka kuifuta picha. Lakini Si Maati alikuwa ameshashuka, amesimama mbele yake, mkono umenyooshwa.

Alipokea kamera, akaitazama ile picha.

"Ulikuwa unaniona hivi siku zote?"

"Nilikuwa sioni, Si Maati. Wallahi sikuwa naona."

Rahhal alisogea, akachungulia, na ulimi wake ukafupika. "Ni picha tu, ami," alisema.

"Niliomba kali, nimepewa kali," alijibu Si Maati, akamwekea hatamu za farasi wake mkononi.

Sasa picha za Bouchta zinasifiwa hadi vijiji vya jirani. Lakini ile ya kwanza ilimgharimu Si Maati farasi mmoja wa kijivu, ambaye sasa anapandwa na Rahhal. Bunduki moja ya urithi, iliyotundikwa ukutani na ambayo haijashushwa tena. Na kiti kimoja dukani, ambacho mwenyewe hajarudi kukikalia.