Siku Mzee Jaza Alipochomoa Gari

Mume wangu hanunui kitu kipya. Gari la umeme alilotuletea lilikuwa limeshapita mikono miwili, na betri yake imechoka kama mimi ifikapo Ijumaa. Likijaa, dashibodi inaahidi kilomita mia na arobaini. Ukweli ni mia, na ukiwasha kiyoyozi ni themanini na maombi. Mafuta hatununui, hilo namkubalia. Lakini mimi ni fundi cherehani, na nikiwasha pasi gari likiwa kwenye chaji, swichi kubwa inaruka na nyumba nzima inazima. Basi tumegawana: mchana umeme ni wangu, usiku ni wa gari. "Umeniletea mke mwenza," huwa namwambia, naye hucheka kama vile ni utani.

Baba yangu anaishi nasi. Alikaa miaka thelathini na minne kwenye kituo cha mafuta akijazia watu magari, ndiyo maana hadi leo wanamwita Mzee Jaza. Tulidhani atalinunia gari lisilokunywa mafuta. Wapi! Alilizunguka akilipapasa kwa viganja, akauliza tundu lake liko wapi, na alipoligusa akafurahi kama amepewa mjukuu.

Alipapasa kwa sababu macho yalikuwa yameshamtupa mkono. Mtoto wa jicho alifunga yote mawili, na kwa miaka miwili baba alinijua kwa sauti na kwa mwendo wangu tu. Daktari bingwa huja hospitali ya mjini mara mbili kwa mwaka. Alimpa baba nafasi ya Jumanne, saa nne kamili asubuhi. Ukichelewa anaitwa mwingine, nawe unasubiri miezi sita, na daktari alishatuonya kwamba kwa miezi sita mingine huenda jicho la kushoto lisiokoleke.

Hospitali ni kilomita hamsini na mbili. Jumatatu jioni mume wangu alichomeka gari mapema, nami nikaacha pasi, nguo za wateja zikalala na makunyanzi yake.

Asubuhi nilimkuta mume wangu uani ameduwaa. Waya wa chaji ulikuwa umekunjwa duara safi na kutundikwa msumarini. Gari lilikuwa limefika nusu tu.

Sikuuliza ni nani. Katika nyumba yetu hakuna mwingine anayekunja kitu vizuri namna ile.

"Ni mimi," baba alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshaoga na kuvaa shati lake jeupe. "Nilitoka kwenda chooni, mguu ukagusa waya. Nikasema, watoto wamelala wakausahau. Bomba haliachwi ndani ya gari bila mtu, mwanangu. Ningeliachaje?"

Nilimgeukia mume wangu. "Hukumwambia kuwa linachajiwa usiku kucha?"

"Nimfundishe Mzee Jaza kujaza gari?" akanijibu. "Kwani wewe ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Kwa baba, gari hujaa kwa dakika tatu. Nilimtazama anavyovuta vuta mkono wa shati lake, hasira zote zikaniishia, nikabaki na hofu.

Tuliondoka hivyo hivyo. Kiyoyozi hatukuwasha, redio tukazima, ingawa mume wangu aliapa kwamba redio haili kitu. Tulikwenda mwendo wa maharusi, malori yakitupita na kutupigia honi. Milima ilikula betri kuliko tulivyodhani. Tulipofika kwenye kituo alichofanyia kazi baba, zilibaki kilomita kumi na nne, na dashibodi ilisema tisa. Mashine ya chaji ya haraka iko moja tu, nayo iko mjini. Nilipiga simu kutafuta teksi. Dereva akasema nimsubiri saa nzima.

"Ingia hapa," baba alisema. "Banda la matairi lina soketi ukutani, mbali na pampu."

Meneja, mama mmoja ambaye baba ndiye aliyemfundisha kazi, alitoka mbio kumkumbatia. "Mzee Jaza! Umeniletea gari gani lisilokunywa?"

"Linywe lisinywe, nipe umeme," baba alisema. "Nina miadi."

Kwa soketi ya kawaida, dakika arobaini zinakupa kilomita saba hivi. Nilimletea baba kiti. Akakataa. Alisimama ubavuni mwa gari, mkono juu ya plagi, mgongo umenyooka, dakika zote arobaini. Kila baada ya muda aliuliza, "Imefika ngapi?" na mume wangu akamsomea. Wafanyakazi wa pampu walikuja mmoja mmoja kumsalimia, naye akawapa mkono wa kushoto, akiwaomba radhi kwamba wa kulia uko kazini. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba ili nisilie mbele za watu.

"Kumi na sita," mume wangu alisema.

Baba akachomoa, akafunga kifuniko, akagonga bodi mara mbili kwa kiganja. "Tayari, bosi. Safari njema." Kisha akakumbuka kuwa na yeye ni abiria, akaanza kuutafuta mlango.

Tulifika hospitali saa nne kasoro dakika sita. Gari likagoma pale pale langoni, na mlinzi akamsaidia mume wangu kulisukuma pembeni. Mimi nilikuwa nimeshamshika baba mkono, tunapanda ngazi, na muuguzi alikuwa mlangoni akiita jina lake.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji ya jicho la kushoto. Alipepesa, akatokwa na machozi kidogo, akatazama dirisha, akamtazama muuguzi. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu, mpaka nikaona haya. Akanyoosha kidole, akanigusa juu ya sikio.

"Mwanangu, una mvi," alisema taratibu. "Zimeota lini, na mimi nipo humo humo ndani?"

"Jana, baba," nilimwambia. "Zote zimeota jana, njiani."