Siku Mheshimiwa Alipomchagua Cucu

Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho wa mstari, nimefunikwa leso kuanzia utosini hadi magotini. Kwa hivyo haya mengine niliyaona nusunusu, lakini niliyasikia yote.

Ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu Wakiuru, nyumbani kwao Ruring'u. Kwetu mwanamume hapewi mchumba hivi hivi. Wasichana hufunikwa leso, hupangwa mstari, naye lazima amtambue wake. Shida ni kwamba Maxwel, mchumba wa Wakiuru, yuko kazini Doha na likizo alinyimwa. Wazee walibishana sana, mpaka Mzee Gathogo, mjomba wetu kutoka Murang'a ambaye ndiye mwenye usemi, akakubali shingo upande kwamba kijana achague kwa video ya simu. Ila alitoa onyo. Achague leo kabla jua halijazama, la sivyo uchumba umekwisha, kwa sababu yeye hawezi kuitwa mara mbili kwa ajili ya mtu asiyeonekana.

Baba yake Maxwel ni Mheshimiwa Barnabas. Serikali ilimtoa magharibi mwa nchi kuja kutuongoza, na ofisi yake ilipewa uwezo wa kuzima intaneti huku kwetu kukitokea dharura. Dharura ni nini, sheria haikusema. Mheshimiwa akaisaidia. Wiki hiyo alikuwa amewafokea vijana uwanjani kuhusu uvivu, kisha akaketi jukwaani akalala fofofo, mdomo wazi. Mtu alimchukua video, akaiwekea wimbo wa kubembeleza mtoto. Kufikia Ijumaa hata vibarua wa mashamba ya maua kule Timau walikuwa wameitazama. Jumamosi asubuhi redio ikatangaza kwamba intaneti imezimwa kwa usalama wa umma. Aliyeizima hakutajwa. Nawaambia ninyi mapema ili mcheke vizuri.

Baada ya kuizima, alivaa suti akaja kwenye ruracio ambapo mwanawe alitakiwa kutokea kwenye intaneti. Sidhani alisahau. Nadhani aliamini kwamba iliyozimwa ni ya wananchi, na yake imebaki.

Simu yake iliinuliwa mbele yetu. Kikaduara kikazunguka, kikazunguka, Maxwel asitokee. Mzee Gathogo akauliza kunani. Mheshimiwa akasema ni mitambo, kisha akakohoa kile kikohozi chake cha mikutanoni.

"Mimi ndiye mzazi. Nitachagua kwa niaba yake."

Maisha yake yote ni kufanya mambo kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma. Mzee Gathogo alimruhusu, nadhani kwa kutaka tu kuona. Mheshimiwa akapita mbele yetu mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Akasimama kwa aliyekuwa mfupi kuliko wote, akatangaza kwamba ni huyu, kwani amesimama kwa adabu.

Leso ikafunuliwa. Alikuwa Cucu Magdaline, nyanya yetu, ambaye huwa haachi kujipenyeza kwenye mstari kila kukiwa na ruracio. Akatabasamu kwa ufizi mtupu, akauliza kama gari liko tayari.

Boma zima lilivunjika mbavu, na kila simu ilikuwa juu ikirekodi. Mzee Gathogo pekee hakucheka. Alionyesha jua kwa fimbo yake na kusema kwamba bado anamngoja kijana.

Mheshimiwa alikuja kusimama kando ya tangi la maji, hatua chache tu kutoka kwetu. Watu hudhani ukifunikwa leso umekuwa kiziwi. Akaipigia ofisi yake kwa laini ya kawaida, ambayo haikuzimwa, na alianza vizuri.

"Iwashe. Iwashe saa hii."

Hapo kijana mmoja akawaambia wenzake kwa sauti kwamba yeye video yake iko tayari, ni network tu anangoja. Kupitia upenyo wa leso nilimwona Mheshimiwa akizitazama simu zile, moja baada ya nyingine.

"Ngoja kwanza," akasema. "Usiwashe. Ongeza siku tatu. Hali imekuwa mbaya zaidi."

Wakiuru, aliyekuwa karibu nami, alijivua leso mwenyewe. Jambo hilo halifanywi. Nilidhani atalia, na kusema kweli mimi ndiye niliyekuwa nalia, kwa hasira. Simu yake ikaita. Alikuwa Maxwel, kwa laini ya kawaida.

"Max, si network. Ni baba yako ndiye amezima. Ako hapa, muulize."

Akamnyooshea Mheshimiwa simu. Hakuipokea. Ikabaki hapo katikati yao, na sote tukamsikia Maxwel akiita, "Baba? Baba?" mpaka salio likamwishia.

Jua lilikuwa linagusa miti. Mzee Gathogo alikuwa amekwisha kuvaa koti lake. Wakiuru akaikunja leso taratibu, akampa Mheshimiwa, aliyekaribia kuwa baba mkwe wake.

"Jifunike na hii, Baba. Ndio watu wasikuone."

Aliipokea kwa mikono miwili.