Mia Tano za Kawangware

Siku kiwanda cha katoni kilipofungwa kule Industrial Area, Shivachi hakwenda kwake kwanza. Alikuja kwangu. Mpangaji akija kwa mwenye ploti bila kuitwa, na mwezi haujaisha, jua ama choo kimeziba ama dunia imeziba. Nilimwangalia viatu. Vilikuwa safi.

"Mama Shafi, wametupa barua," akasema. "Watu mia na ishirini. Na hii." Akaweka bahasha mezani, polepole, kama yai.

Mimi ni Mnubi wa Lindi, hapa Kibera. Nimezaliwa hapa na wafu wangu wote nimewazika hapa. Nina vyumba kumi vya mabati alivyoniachia marehemu mume wangu, pamoja na madeni yake na redio isiyoshika stesheni. Shule niliishia darasa la saba, lakini hesabu ya kutoa hanishindi mtu, maana wapangaji wamenifundisha bila karo. Kwa hiyo Shivachi aliponiuliza afanye nini na pesa za bahasha, nilijiona waziri wa fedha.

"Sella anajua?" nikamuuliza.

"Nitamwambia jioni."

"Mwambie sasa. Bibi akiambiwa na jirani, utakuwa umefutwa kazi mara mbili siku moja."

Sella alikuwa anaanua nguo. Akaja na beseni kiunoni, akasoma barua amesimama, akaisoma tena, kisha akakaa. Hakulia. Aliuliza tu kama karo ya Mitchelle ya muhula huo ilikuwa imeisha kulipwa. Haikuwa.

Tukachana karatasi kutoka kwa daftari la huyo Mitchelle, binti yao wa kidato cha pili, tukaanza. Kodi ya miezi mitatu walipe mbele; hiyo ndiyo niliiandika ya kwanza, sitakudanganya. Karo ya muhula. Mkopo wa simu ulipwe wote siku hiyohiyo, maana ule hulala ukiwa mmoja na kuamka wawili. Nyama iwe ya Jumapili. Televisheni ya kulipia ikatwe, na Mitchelle akasema hiyo ni noma, nikamwambia aje atazame sura yangu, ni bure. Sella alikuwa akifua nguo kwenye nyumba mbili kule Nyayo Highrise. Atafute mbili zaidi. Na pesa zitakazobaki zinunue mashine ya kuchomelea vyuma iliyotumika, kwa sababu miaka tisa kiwandani Shivachi ndiye aliyekuwa akirekebisha mitambo, na milango ya chuma haiishi kuvunjwa Nairobi.

Mpaka hapo, hata leo, sioni kosa.

"Imebaki mia tano ya Kawangware," Sella akasema.

"Ya nini?"

"Chama cha mazishi. Cha watu wa kwetu."

Shivachi ni Mnyore, kwao ni Emuhaya, kule magharibi. Watu wa kwao walioko Nairobi hukutana Kawangware kila Jumapili ya pili ya mwezi, kila mtu na mia tano yake. Ukifiwa, chama kinatoa jeneza, basi la kupeleka maiti nyumbani, na chakula cha waombolezaji. Nilisikiliza yote hayo, nikaona kitu kinachokula kila mwezi na hakijawahi kutaga.

"Kuna mtu anaumwa kwenu?" nikauliza.

"Hapana."

"Basi hii simamisha. Ukipata kazi utarudi."

"Niwaambie?"

"Ukiwaambia utabembelezwa mpaka ulipe. Nyamaza tu. Pesa ikinyamaza, watu huelewa."

Nikapiga mstari mwenyewe, kwa kalamu nyekundu ya Mitchelle.

Wewe unayesoma unaweza kuniona mjinga. Lakini elewa, kwetu Wanubi mtu akifa saa nne asubuhi, saa kumi jioni ameshalala makaburini, hapahapa Kibera, na waliombeba wamenawa mikono wanakula. Sanda, ubao, dua, majembe ya majirani. Nilikuwa sijawahi kuona kifo chenye nauli. Nilidhani mazishi ni huzuni tu, na huzuni haina bei.

Tena nilikuwa na wa kuniambia, na aliniambia, ila mimi nilikuwa nacheka.

Mama yake Shivachi, Trufosa, alikuwa akiishi nao. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho, akaona vizuri, akasema anarudi kwao mwezi ujao. Huo mwezi ujao ulichukua miaka miwili. Kila alasiri alileta kigoda chake barazani kwangu, tukachambua maharagwe na tabia za watu. Sote tulikuwa wajane, sote tulipenda umbea, na dini zetu hatukuzizungumza isipokuwa kwa kutukanana.

"Nyinyi Wanubi mnazika mbio kama mnaficha kitu," angesema.

"Na nyinyi mnakaa na maiti mpaka anaulizia chai."

"Mimi, Mama Shafi, nitaenda kwa basi. Watu wanaimba njia nzima, Nakuru wananunua soda, usiku wanafika. Nitalala kando ya mzee wangu, pale nyuma ya migomba. Wewe utaenda kwa miguu, na umebebwa na Umar wa mkaa, mweusi mikono."

"Umar ananipenda. Atanawa."

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Halafu mara moja, baada ya ule mstari wangu mwekundu, alimuuliza mwanawe mbele yangu: "Baba, wale wa Kawangware umewalipa?" Waluhya kama hawa huita mtoto wa kiume baba, ni namna ya kubembeleza. Shivachi alinitazama. Nilikuwa nimeshika ungo, nikapepeta maharagwe yaliyokwisha pepetwa.

"Nimelipa, mama," akasema.

Trufosa akaridhika. Akaendelea kunieleza ni nani kwao atakayeimba vibaya.

Kazi ya kuchomelea ilishika. Shivachi alipata nafasi ya bei nafuu hukohuko Kawangware, kando ya soko, akaanza na vishikizo vya dirisha na miguu ya vitanda, mwezi wa tatu akapata mlango mzima. Alirudi macho mekundu, mikono ina madoa ya moto, lakini anapiga mluzi. Jumapili za mkutano tu ndizo alikuwa hafungui, asikutane na Ambrose, mwenyekiti wao, fundi wa sofa aliyekuwa na karakana barabara hiyohiyo. Siku za kawaida, Ambrose akipita, Shivachi alishusha kinyago cha kuchomelea hata kama mashine imezimwa. Alinisimulia hilo akicheka. Nami nikacheka.

Mwezi wa tano, asubuhi ya Alhamisi, Trufosa alisimama kwenda kuosha kikombe, akakaa tena, akaegemea ukuta. Nilidhani anaigiza mtu. Alikuwa bingwa wa kuigiza watu. Nikamwambia, huyo nani sasa, mbona hata simjui. Mdomo wake ulikuwa umeenda upande mmoja.

Mwanangu Shafi alileta gari la rafiki yake. Hospitali walitupokea vizuri, wakajaribu, na saa nane mchana alikuwa amekufa.

Mimi kwa mazoea nilianza kuuliza maji ya kuosha yako wapi. Sella akanishika mkono, akasema, "Mama Shafi, ni mochari kwanza." Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Mochari hulipwa kwa siku. Jeneza. Gari la zaidi ya kilomita mia tatu. Kule nyumbani hema, ng'ombe, unga wa watu watakaokaa siku tatu, maana kumzika mama kimyakimya ni kusema hakuwa na mtoto.

Kijana mmoja wa ploti, kwa nia njema, alimwambia Shivachi kwamba Lang'ata kuna makaburi ya umma, si mbali. Shivachi alimwangalia tu kama mtu aliyeambiwa atupe mzigo mtoni.

Jumapili ile ilikuwa ya pili ya mwezi. Nikamwambia tutaenda wote Kawangware. "Mimi ndiye niliyepiga mstari. Nitasema mwenyewe." Akaniitia boda, yeye akapanda nyingine, tukapita Olympic tukashika Ngong Road.

Walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa shule ya nasari, vile viti vidogo vya watoto vimewameza magoti. Habari ya msiba ilikuwa imewafikia. Ambrose alitupa viti, akatupa mkono, akaomba sala. Kisha nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno matamu njiani, hata mzaha mmoja, kwa sababu mzaha umenitoa pabaya mara nyingi. Uliniishia mdomoni. Nilisema: "Huyu hakuacha kwa dharau. Alipoteza kazi. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Mama mmoja akapangusa macho kwa leso.

Ambrose alifungua kitabu cha katiba, kilichofunikwa na plastiki kama cha mtoto wa shule. Alisoma kwa sauti ya mtu asiyetaka kusoma. Mwanachama akikosa miezi mitatu, ametoka. Akirudi, atangoja miezi sita ndipo ahudumiwe. Shivachi alikuwa amekosa minne.

"Hilo najua," Shivachi akasema.

"Basi kuna hili lingine," Ambrose akasema, akageuza ukurasa. "Mwanachama akipoteza kazi na akijulisha chama, anasamehewa mchango miezi sita, na anabaki na haki zake zote." Akafunga kitabu. "Ndugu yangu, tuliliandika hilo wakati wa korona. Ulikuwepo. Uliinua mkono. Mbona hukusema neno moja tu? Napita hapo kwako kila siku umefunika uso."

"Niliona aibu," Shivachi akasema. "Nililisahau, na niliona aibu."

Hakusema, "Mama Shafi aliniambia." Nilimngoja aseme. Nilitaka aseme. Alikunja tu kofia yake mara mbili, akaiweka mfukoni.

Walibishana karibu saa nzima. Wengine walitaka avushwe, wengine wakakumbusha mwaka jana walimkatalia mjane wa Lazarus kwa kosa hilohilo, na mjane mwenyewe alikuwa amekaa pale, mstari wa pili. Huyo mama alisimama. Nilidhani atamchoma. Akasema, "Mimi sitasema mumpe wala msimpe. Mimi nitatoa mia mbili." Akaweka juu ya meza, akarudi kwenye kile kiti kidogo.

Basi likawa hilo: sheria ikabaki, na kofia ya Ambrose ikazungushwa. Ilijaa kiasi cha jeneza. Haikujaa kiasi cha gari.

Jumatatu Shivachi aliuza mashine ya kuchomelea kwa jirani yake wa karakana, pamoja na kinyago. Nilimrudishia kodi za miezi miwili, akazikataa. Nikampa Sella, yeye akazipokea, maana wanawake tunajua ukaidi haununui petroli. Walikodi pikapu iliyofunikwa turubai. Basi lililojaa waimbaji halikuwepo. Trufosa aliondoka na watu watano: mwanawe, Sella, Mitchelle, Ambrose aliyejitolea kwa nauli yake, na dereva, Mkikuyu jina lake Ng'ang'a, asiyejua hata wimbo mmoja wa kwao.

Nilikwenda mpaka mlango wa mochari. Nilimwomba Mitchelle aimbe angalau mpaka Nakuru.

"Shosho, sijui hizo nyimbo," akasema. "Kukhu alikuwa ananifunza, nikaweka simu masikioni." Kukhu ndivyo alivyomwita Trufosa, nyanya yake. Akaanza kulia kwa sauti, na Sella akampandisha garini.

Walifika usiku, wakazika Jumamosi. Alilala nyuma ya migomba, kando ya mzee wake. Alipata alichotaka, ndivyo watu wanavyoniambia wakitaka kunituliza. Ni kweli. Ila chumba chao, namba sita, kimerudi pale kilipokuwa siku ya bahasha, na safari hii hakuna bahasha.

Shivachi sasa ni mtu wa mkono kwenye mjengo, huku na huko, siku anaitwa, siku haitwi. Jioni hupita barazani kwangu ana vumbi la saruji kwenye nyusi, anaamkua vizuri, "Mama Shafi, habari ya jioni," na sauti yake haina kitu chochote ndani yake. Ningependa anitukane. Mtu akikutukana mnaweza kusuluhishwa.

Juzi alinijia. Alikuwa amefanya kazi siku sita mfululizo, kodi ilikuwa imepita wiki mbili. Hakukaa.

"Kodi utaningoja kidogo," akasema. "Nimepeleka mia tano Kawangware. Nimeanza upya."

"Unamwekea nani sasa, Baba Mitchelle?"

"Sella. Mimi. Yeyote."

"Nitangoja," nikasema.

Alishukuru, akaniuliza kama maji yatafunguliwa kesho, nikamwambia saa kumi na mbili. Huwa ananiuliza mambo kama hayo. Maji, ufunguo wa choo, gari la taka. Ushauri hajaniomba tena.