Maegesho Juu ya Cherehani Yangu

Duka langu la ushonaji lilitakiwa kuvunjwa ili magari yapate pa kulala. Uwanja mpya wa mpira wa kikapu ulikuwa umejengwa katikati ya mji, jirani na stesheni, na wajumbe wa baraza wakadai treni na mabasi hayawezi kubeba mashabiki. Lazima maegesho, na maegesho yakaangukia mtaa wetu.

"Mama aliniachia cherehani na kuta hizi," nilimwambia mwenyekiti wa baraza mkutanoni. "Sitoki!"

"Mama, punguza jazba. Nani atapanda treni kwenda kutazama mpira?"

"Sisi. Tupe mechi moja, mje stesheni mjionee. Treni ikishindwa, nitabomoa kwa mikono yangu."

Mwenyekiti akakubali. Wifi yangu, dereva wa treni, akanifinya. "Umeniponza, wifi." Lakini alikuwa anacheka.

Siku ya mechi, milango ya treni yake ilifunguka, watu wakamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Mabasi nayo, kwa kuwa yana njia yao peke yao, yakashusha na kurudi kuchukua wengine. Uwanja ukajaa mpaka pomoni kabla mpira haujarushwa. Viti tulivyowapangia wajumbe pale stesheni vilikuwa vitupu.

Walikuwa wamekuja na magari, kila mmoja na lake na dereva wake. Wakakutana kwenye njia panda mbele ya duka langu, pua kwa pua, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma kumpisha mwenzake. Wote wana vyeo! Nilisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Mechi ilikwisha wangali pale pale. Mwenyekiti akashuka, shati limelowa chapachapa, akanifuata.

"Mama, treni ya kwenda kwetu inapita hapa?"

"Inapita kila siku. Na mtaa wetu je?"

"Tutaongea ofisini."

"Ofisini mlishaongea. Leo sema hapa, dereva wako akusikie."

Akatazama magari, akatazama stesheni. Akanong'ona kitu.

"Sijasikia," nikamwambia, nikimzibia njia ya kwenda stesheni.

Kule stesheni wifi akapiga honi ya kuondoka. Mwenyekiti akavua koti, akapaza sauti hadi wajumbe wakateremsha vioo:

"Hakuna nyumba itakayovunjwa!"

Hapo ndipo nikampisha njia akimbilie treni.