Miaka Miwili ya Siraje

Fundi Abudu, anayechonga mawe ya makaburi nyuma ya maduka ya Old Kampala, aliuliza swali la kawaida tu: marehemu alizaliwa mwaka gani?

Safinah alitoa karatasi ya jeshi mkobani. Ilisema elfu mbili na nne. Dada yake Sharifah, mama mzazi wa marehemu Siraje, alikuwa kwenye benchi akitazama vumbi jeupe miguuni mwake.

Safinah alishindwa kuutaja mwaka ule. Alikuwa amemsikia Siraje, karibu kabisa na sikio, kwa sauti yake isiyokomaa: "Mama mdogo, wakiniuliza, niseme mwaka gani tena?"

Alikuwa akimsikia hivyo tangu walipomzika, mwaka juzi. Jikoni, sokoni, hata katikati ya swala. Swali lilikuwa lilelile alilouliza asubuhi ile akifunga viatu, kwenda kuandikishwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko wenzake, shule imemshinda, ameanza kushinda barabarani. Mama yake alikuwa Saudia kwenye kazi za nyumbani, kamwacha mikononi mwa Safinah. Baba wa dada hawa wawili alikuwa askari, na babu yao pia. Safinah akaona jeshi litamtengeneza. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaapa kwamba kijana ana miaka kumi na minane, akapewa barua yenye muhuri. Haukupita muda mrefu, Siraje akarudishwa kutoka vitani Somalia ndani ya sanduku ambalo hawakuruhusiwa kulifungua.

"Niandike huu wa kwenye karatasi?" fundi aliuliza.

"Usiandike," Safinah alisema. "Ngoja kidogo."

Alimshika dada yake mkono, wakatoka nje kwenye jua. Hapo akamwambia yote: barua, kiapo, miaka miwili aliyomwongezea mtoto asiye wake. Alisema haraka. Kisha akasubiri kupigwa, au kulaaniwa.

Sharifah alimgeukia.

"Nilijua," alisema. "Alinipigia simu siku ile. Aliniuliza, mama, ni dhambi kudanganya umri? Nikamwambia, mtii mama yako mdogo." Akavuta ushungi usoni. "Nilifurahi, Safinah. Nilisema moyoni, sasa mzigo mmoja umepungua. Na tangu nirudi nimekuacha ubebe peke yako. Nilikuwa nakuona unavyoshtuka kwenye swala, nikanyamaza."

"Unamsikia na wewe?"

"Kila siku. Lakini kwangu hasemi kitu. Anapumua tu, kama mtu aliyeshika simu anangoja jibu."

Walisimama hapo, wapita njia wakiwapisha. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Mwishowe Sharifah ndiye aliyetangulia kurudi ndani.

"Elfu mbili na sita," alimwambia fundi. "Mwezi wa kumi. Andika na mwezi."

Fundi aliangalia ile karatasi, akaangalia na mwaka wa kufa, midomo ikahesabu kimya. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, huyu hakufika kumi na minane."

"Hakufika," Safinah alisema. "Chonga hivyo hivyo. Herufi kubwa, zisomeke."