Jina Lililoshika Matope

Jumanne ya kwanza ya Oktoba 2005, saa mbili kasorobo asubuhi, Wangeci Maina aliandika jina lake katika kitabu cha mahudhurio cha kampuni ya bima aliyoifanyia kazi Upper Hill, Nairobi, na kabla hajarudisha kalamu mezani jina likaanza kushika matope. Yalianzia kwenye herufi ya kwanza yakaenda hadi ya mwisho. Yalikuwa mekundu, mabichi, yenye harufu ya mtaro baada ya mvua. Yalipolimaliza jina lake yalichuruzika kidogo hadi mstari wa chini, ambao kwa bahati ulikuwa bado mtupu.

Mama wa mapokezi alirarua kipande cha gazeti akakibandika juu.

"Umekopa wapi?" aliuliza.

"Mimi sijakopa."

"Basi kuna mtu umemsainia."

Kulikuwa na mtu mmoja tu. Mwaka uliotangulia, Bwana Kiarie, naibu meneja, alishuka hadi masijala ambako Wangeci alipanga mafaili, akaketi kwenye ukingo wa meza yake, akamwomba awe mdhamini wa mkopo wake wa gari. "Ni kusaini tu, Wangeci," alisema. "Hata wewe siku moja utanihitaji." Wangeci alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja, na hakuna mkubwa aliyewahi kumwomba kitu isipokuwa faili. Alisaini bila kufungua ukurasa wa pili. Jioni hiyo alinunua nusu kilo ya nyama, akamwambia binti yake kwamba ofisini sasa wanamtambua.

Mwezi wa Agosti 2005 Bwana Kiarie aliacha kazi, akafungua kampuni yake mwenyewe katikati ya mji, akahamia Karen, mtaa wa matajiri.

Benki iliyotoa mkopo ule ilikuwa hapo hapo Upper Hill, mwendo wa dakika sita kutoka ofisini. Wangeci alienda saa ya chakula cha mchana. Alihudumiwa na kijana aitwaye Musili, mpole, mwenye tai fupi, ambaye alivaa glavu za plastiki kabla ya kufungua faili lake.

"Mama, Bwana Kiarie alilipa miezi sita tu," Musili alisema. "Imebaki elfu mia moja arobaini na saba."

"Mbona hamumfuati yeye?"

"Tulimfuata. Hana kitu kwa jina lake. Nyumba ni ya mke, gari ni ya kampuni, na kampuni ni ya mke."

"Na jina lake, nalo limeshika matope?"

Musili alimgeuzia karatasi nyingine. Jina la Kiarie lilikuwa jeusi, kavu, limenyooka kama lililoandikwa kwa rula.

"Matope yanaenda kwa mtu anayeshikika," Musili alisema. "Mimi sikutunga hiyo sheria."

Walikubaliana alipe shilingi elfu tatu na mia tano kila mwezi, kwa miezi arobaini na miwili. Mshahara wake ulikuwa elfu kumi na nne. Musili alimweleza pia namna ya kufua. Akishalipa, aandike jina lake kwenye karatasi, ailoweke, alisugue kwa sabuni yoyote. Kama hajalipa, asijisumbue.

Ilikuwa kama alivyoambiwa. Mwisho wa Novemba alilipa, akarudi chumbani kwake Kangemi, akaloweka karatasi kwenye beseni na kuisugua taratibu kwa kidole gumba. Maji yakawa mekundu. Akayamwaga nje. Kila mahali palipokuwa na jina lake, katika kitabu cha ofisini, katika kadi ya hospitali, katika orodha ya matoleo kanisani, matope yalipungua kidogo, kwa kiasi kile kile, jioni ile ile. Desemba alijaribu kufua kabla ya kulipa, aone. Sabuni iliisha, matope yakabaki.

Lililomuuma ni la binti yake. Nyokabi alikuwa kidato cha kwanza, na kwa kuwa hakuwa na jina la baba, vitabu vyake viliandikwa Nyokabi Wangeci. Nusu ya kwanza ilikuwa safi na nusu ya pili ilichafua jalada. Mwalimu alimrudishia insha akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Nimeanza kuandika Nyokabi W.," msichana alimwambia mama yake wakimenya viazi. "Herufi moja si mbaya. Inakaa tu kama wino umemwagika."

"Andika hivyo," Wangeci alisema, akaendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshamenywa.

Februari, siku ya Jumamosi, alienda Karen. Mlinzi alimpa kitabu cha wageni, akaona alichoandika, akachomoa tishu mfukoni akaikandamiza kwenye ukurasa. Alikuwa na pakiti nzima ya tishu. Bwana Kiarie alimpokea vizuri. Alimkaribisha kwenye veranda, akaagiza chai, akauliza habari za Nyokabi kwa jina.

"Bwana Kiarie, ule mkopo wako ninaulipa mimi."

"Wangeci, ile faili si ilifungwa?"

"Ilifungwa kwa sababu ninalipa mimi."

Kiarie alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyesikia habari za msiba wa jirani. "Biashara ni ngumu saa hii. Lakini nitaangalia. Mungu hawezi kukuacha." Wangeci alipokuwa akiondoka, Kiarie alimpa mfuko wa maparachichi kutoka kwenye mti wake. Yalikuwa makubwa. Wangeci na Nyokabi waliyala wiki nzima, na hakuna jingine lililotoka Karen.

Kule Kangemi, Wangeci alikuwa na chama cha kuweka akiba. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameweka akiba kwa miaka saba ili wanunue ploti ya kujenga Kinoo, na sasa walipungukiwa kidogo tu, kidogo ambacho walitaka kukopa. Mwenyekiti alikuwa Kasyoka, muuza nafaka sokoni, rafiki aliyekuwepo Nyokabi alipozaliwa. Ndiye aliyetunza kitabu. Jina la Wangeci lilikuwa mstari wa saba. Kasyoka alilizungushia karatasi ya nailoni, kisha mbili, kisha akalifunika kwa selotepu. Mwezi wa Agosti 2006 matope yalipenya hadi mstari wa sita na wa nane, na benki ikarudisha maombi ya mkopo.

Kasyoka alikuja na kitabu kwapani. Hakuketi.

"Wangeci, mimi sina ubaya na wewe. Lakini angalia hii kitabu."

Wangeci aliangalia.

"Wale wawili wamekasirika?"

"Wanalia. Mmoja alinyimwa unga dukani jana. Muuzaji aliona jina kwa daftari."

"Nitoe."

"Sikusema nikutoe."

"Ulikuja kusema. Sema tu, Kasyoka, au niseme mimi."

Kasyoka aliketi sasa. Alitoa bahasha yenye elfu thelathini na moja na mia tano, akiba yote ya Wangeci, ameshaihesabu. Kisha Kasyoka akachukua wembe na rula, akaukata mstari wa saba kwa uangalifu ili asiguse mingine. Pesa zile zilienda kwenye karo ya Nyokabi.

Wanawake kumi na mmoja walipata mkopo mwezi uliofuata. Siku ya kuonyeshwa ploti, Wangeci aliwapikia githeri ya mahindi na maharagwe. Aliibeba sufuria hadi Kinoo, akasimama nayo barabarani wenzake wakizunguka mpaka, wakiimba, wakipiga picha kando ya jiwe la kona. Aliwapakulia. Githeri ilitosha, ikabaki.

Aliendelea kulipa. Januari 2008, baada ya uchaguzi, mji ulifungwa kwa fujo. Barabara ya Waiyaki iliwekwa mawe na matairi yaliyowaka, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetoka Kangemi. Njia ilipofunguka kidogo, Wangeci aliondoka alfajiri, pesa zikiwa kwenye soksi, akatembea hadi Upper Hill. Alifika saa nne. Alikuwa amechelewa siku tisa, na matope ya miezi minne yalikuwa yamerudi.

"Ulikuwa Nairobi wewe, uliona," alimwambia Musili.

"Niliona, mama. Mfumo hausomi habari." Musili aliipokea karatasi yake kwa mikono mitupu. Glavu alikuwa ameziacha zamani, bila kusema lolote, na vidole vyake viliingia wekundu ambao aliufuta kwenye suruali.

Ile miezi minne iliongezwa mwishoni. Hivyo alimaliza Agosti 2009, siku ya Ijumaa. Aliloweka karatasi mara ya arobaini na sita na maji hayakubadilika rangi. Nyokabi, ambaye sasa alikuwa amemaliza kidato cha nne, alisimama nyuma yake akitazama ndani ya beseni.

"Yametoka yote?"

"Yametoka."

Jina lilikuwa safi. Pia lilikuwa limepauka. Kila mahali lilipoandikwa lilionekana kwa rangi ya chai nyepesi, na mtu alilazimika kuinua karatasi kwenye mwanga ili alisome. Kalamu mpya haikusaidia. Wangeci alisema si kitu. Usiku huo Nyokabi aliandika majina yake mawili kamili kwenye fomu ya chuo cha uuguzi, la kwanza jeusi na la pili hafifu, na ukurasa ukakaa safi.

Chuo kilimkubali. Karo ilihitaji elfu themanini, na Wangeci akarudi kwa Musili kuomba mkopo, safari hii wake mwenyewe. Musili alifurahi kumwona. Aliinua jina kwenye dirisha, akalisoma, akapiga mhuri.

"Utapata. Riba ni asilimia kumi na nane."

"Ukutani mmeandika kumi na nne."

"Hiyo ni ya wengine. Majina yaliyofuliwa yana kiwango chake."

"Lakini nimelipa yote."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana tunajua lilikuwa chafu."

Juu ya meza ya Musili kulikuwa na fomu nyingine, kubwa, ya milioni tatu. Wangeci alikuwa amesoma mafaili yaliyogeuka kichwa chini kwa miaka mingi. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mwombaji alikuwa Bwana Kiarie, kwa asilimia kumi na nne. Jina lake liling'aa. Chini yake yalikuwa majina ya wadhamini wawili, wafanyakazi wake, wino bado mbichi.

"Hawa wanajua?" aliuliza.

"Wamesaini," Musili alisema, akaifunika fomu kwa kiganja.

Wangeci alitia sahihi yake kwenye asilimia kumi na nane. Kisha, badala ya kurudi kazini, alishuka mjini hadi ofisi ya Kiarie, orofa ya tatu, karibu na Barabara ya Moi. Mdhamini wa kwanza aliitwa Becky. Alikuwa msichana wa mapokezi, amevaa sweta ya njano. Wangeci alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, kuanzia kile kitabu cha mahudhurio. Becky alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini bosi alisema ni kusaini tu," alisema.

"Ulisoma ukurasa wa pili?"

"Alikuwa na haraka." Becky alitazama mlango wa ndani, uliokuwa umefungwa. "Na aunty, ningesema nini? Nina miezi mitatu hapa."

Wangeci alimwandikia nambari yake ya simu kwenye kipande cha karatasi na kumweleza namna ya kufua, ikiwa itafikia huko.

Novemba, Jumapili mchana baada ya kanisa, Kasyoka alikuja tena. Alikuwa amenenepa kidogo na alibeba kilo mbili za ndengu. Vyumba sita vilikuwa vimefika kwenye linta, juu ya madirisha, kule Kinoo. Kilichobaki ni mabati ya paa. Kila mwanachama alikuwa anakopa sehemu yake, na kila mmoja alihitaji mdhamini wa nje ya chama.

"Kangemi nzima inajua jina lako ni safi," Kasyoka alisema, akaiweka fomu mezani. "Ni elfu arobaini. Unanijua."

Wangeci aliikausha mikono, akachukua fomu. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akaufungua wa pili, akausoma wote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Ilichukua muda mrefu. Kasyoka alichambua ndengu kwenye ungo.

"Siwezi, Kasyoka."

Mkono wa Kasyoka ulisimama kwenye ungo. "Ni ile ploti? Kama ni ile ploti, niambie."

"Si ploti."

"Ni nini?"

"Naogopa."

"Mimi nitalipa, Wangeci. Haki ya Mungu nitalipa."

"Najua utalipa. Nikijua hivyo, bado naogopa. Sina kingine cha kukwambia."

Kasyoka alimtazama. Kisha akaichukua fomu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba, na kuendelea kutoa mawe kwenye ndengu. Walipika. Walikula na Nyokabi, ambaye alisimulia habari za chuo, jinsi wanavyofundishwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, na wote wakacheka.

Kasyoka alipoaga, Wangeci alijifunga kitenge kumsindikiza. Kwa kawaida waliagana kwenye kona ya kinyozi. Siku hiyo walipita kona, wakapita soko, wakapita kanisa, hadi barabara kuu. Wangeci alikuwa amembebea mkoba njia yote. Kasyoka alisema inatosha, arudi. Wangeci akasema bado kidogo, wakaendelea kutembea.