Mwaka Unaovuja

1.

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Kamati ya Kurekebisha Kalenda inawatangazia kwamba, kuanzia mwaka ujao wa fedha:

(a) mwaka utakuwa na miezi kumi na mitatu, yote sawasawa;
(b) siku moja itakayobaki haitahesabiwa katika wiki wala mwezi, haitakuwa na jina, na itaitwa Siku Tupu;
(c) mwaka utaanza pamoja na bajeti;
(d) sikukuu zote za mwaka za kijadi, popote zilipo, zitahamishiwa Siku Tupu, ili wananchi wasipoteze siku za kazi.

Masheha watalisoma tangazo hili kwa sauti.

2.

Sheha wa kijiji cha Mwambale alilisoma kwa sauti. Sheha mwenyewe ni Vuai Simai, na aliyesimama mbele kabisa, mikono kiunoni, ni dada yake wa tumbo moja, Mize binti Simai.

"Haina jina, inaitwa Siku Tupu," alisema Mize. "Sasa hilo ni jina au kikohozi?"

"Dada, mie nasoma tu."

"Kasuku naye husema tu."

Watu walicheka. Vuai alikunja karatasi. Mize alitema mate chini, mbali kidogo na viatu vya mdogo wake, kwa sababu wakati huo bado walikuwa wanapendana.

3.

Wewe unayesoma, huenda kwenu mkigombana mnakwenda kwa hakimu. Mwambale hawaendi. Wana mwaka wao, wa jua, waliourithi kwa waliowatangulia, na una siku yake ya kuanza, Siku ya Mwaka, katika kipupwe. Siku hiyo wenye kisirani wote hukutana kiwanjani na mabua ya migomba. Unanipiga, nakupiga, tunatupa mabua, yamekwisha. Na walionyonya titi moja wakikosana hawana njia nyingine. Haitoshi kuombana radhi, wala kupelekeana wali, wala kulia. Ni siku hiyo tu, na mwisho wake ni jua kuzama. Jua likizama, kisirani chako unarudi nacho nyumbani ukakilee mwaka mzima.

Pigo la huruma halihesabiwi. Hilo nalo ulijue.

4.

(kutoka kumbukumbu za kikao cha Kamati)

…Mjumbe mtaalamu alieleza kuwa mwaka wa wenyeji hauna siku ya nyongeza, hivyo unavuja robo siku kila mwaka. Mjumbe mmoja aliuliza unavujia wapi. Kikao kilicheka. Mjumbe mtaalamu alipendekeza uzibwe. Chai ililetwa. Pendekezo lilipita.

5.

Mama yao alikufa mwaka uleule wa kwanza wa kalenda mpya, siku chache kabla ya Siku Tupu.

Arobaini ya marehemu haihitaji shahada ya chuo. Unahesabu jua linavyochomoza. Mize alihesabu hivyo, na siku ilipofika alipika pilau la hitima, masufuria mawili makubwa, nyama ya ng'ombe mzima wa shangazi yao. Akatandika majamvi. Akakaa mlangoni kungoja watu.

Hawakuja.

Vuai alikuwa amehesabu kwa kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya Kamati, na kwenye kalenda ile Siku Tupu haikuchapishwa. Kwa hiyo aliitangaza hitima kwa siku ya pili yake. Na watu, ambao wote walijua kuhesabu, walimfuata sheha, kwa sababu sheha ndiye anayetia sahihi fomu zao.

Joto la siku hiyo halikuwa la kipupwe, lilikuwa la kuchemsha ubongo. Kesho yake asubuhi pilau limechacha, povu juu, harufu imetoka mpaka barabarani. Vuai akaja na wageni wake, kanzu nyeupe, uso wa msiba. Mtu mwingine angemvuta pembeni. Mize hakumvuta pembeni. Alimpakulia sinia, akaliweka mbele yake katikati ya maalimu na wazee.

"Kula, sheha. Kwa kalenda yako limepikwa leo."

Na Vuai, kwa kiburi cha ukoo ule ule, akala.

Tonge moja. La pili. La tatu lilimpeleka mbio nyuma ya nyumba, akatapika ukutani, watu wote wakisikia. Aliporudi alikuwa anafuta mdomo kwa kofia.

"Tangu leo," alisema, "mie sina dada."

6.

Vitu vilivyomtia Mize kinyaa mwaka ule:

kalenda ya ukutani;

watu wanaosema "mwezi wa kumi na tatu" bila kuona haya;

maalimu, ambaye hakusema neno;

harufu ya bizari, aliyokuwa akiipenda tangu utotoni;

mikono yake mwenyewe, ilivyopakua.

7.

(bombani, asubuhi, sauti za wanawake)

— Sheha kakonda, mmemwona?

— Moyo. Anapelekwa bara kupasuliwa.

— Lini?

— Baada ya mwaka.

— Mwaka upi? Wao au wetu?

— Ukishapita wetu. Daktari kasema hatoi ahadi.

— Na dadake?

— Shh. Huyo hapo na ndoo yake.

8.

Mize aliifikisha ndoo nyumbani nusu, maji mengine yamemwagikia mguuni.

Atakufa. Mawazo yake hayakuzunguka: mdogo wangu atakufa kwenye meza ya watu, tumboni mwake mna pilau langu bovu, na Mwenyezi Mungu atatuuliza sote wawili. Lazima wapigane mwaka huu. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini siku gani?

Vuai ni sheha. Vuai ni wa Serikali kuanzia kofia mpaka kandambili. Siku ya kale hatakuja, watamfukuza kazi. Atakuwa kwenye Siku Tupu, jukwaani, anapunga mkono. Basi anayetaka cha uvunguni sharti ainame, na Mize, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ameitukana siku ile asubuhi na jioni, akaamua kuinama.

Akafua kanga yake nzuri.

(      )

Plastiki.

Kiwanja kilikuwa kimepigwa chokaa kama uwanja wa mpira. Mabua yalikuwa ya sponji, ya kijani, yamechapwa jina la kampuni ya maji ya chupa, na kila aliyeingia alipewa moja na kijana mwenye fulana ya kijani vilevile. Watalii walikuwa wanapigana kwa zamu, wakipigwa picha. Msemaji alikuwa na kipaza sauti: "Tupige kwa upendo! Kwa upendo, jamani!"

Kwa upendo.

Mize alisimama na sponji yake toka asubuhi. Jukwaani kulikuwa na Mkurugenzi wa Wilaya, na mke wa Mkurugenzi, na kiti cha sheha.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mtalii mmoja alimjia akicheka, akampiga begani. Sponji ile haikuwa na uzito hata wa kofi la mtoto. Mize alimtazama mpaka cheko likamwisha.

Adhuhuri, kiti kitupu. Alasiri, kiti kitupu. Kajua nitakuja, aliwaza, akakaa kwake makusudi. Kanilipa sinia kwa kiti. Akaitupa sponji kwenye pipa, akarudi nyumbani, akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba hatakanyaga kiwanja kile tena, na hatasoma wala kusikiliza karatasi yoyote ya sheha, mpaka afe.

10.

TANGAZO

Inatangazwa kwamba Ndugu Vuai Simai ameondolewa katika nafasi ya usheha kwa kukataa kuhudhuria maadhimisho ya Siku Tupu. Alipotakiwa kujieleza alisema ana miadi na mtu siku nyingine, siku ambayo haimo katika kalenda ya nchi.

Tangazo lilibandikwa kwenye mwembe wa shule, penye njia ya kila mtu. Mize alipita hapo kila siku akiwa amegeuza shingo, na kila aliyeanza kumsimulia habari za sheha alimwacha njiani.

11.

Siku ya Mwaka, ya kale, ilipofika, Mwambale iliamka mapema bila kuambiwa na mtu. Mize alisikia nyimbo za wanawake zikielekea kiwanjani. Akafunga dirisha. Akaanza kuosha masufuria ambayo hayakuwa machafu.

Alasiri ikiwa imekwenda sana mlango uligongwa. Ni Hidaya, mke wa Vuai, jasho linamtoka.

"Wifi, una roho gani weye?"

"Salamu kwanza."

"Salamu baadaye! Mumeo asingekuwa marehemu ningemwita akuchape. Mume wangu yuko kiwanjani tangu alfajiri, ana mabua mawili, lake na lako. Hajala. Kila anayempita anamuuliza, 'Mize hajaja?' Watu wameshapatana, wameshaondoka, yeye kakaa."

Mize aliweka sufuria chini. "Siku yao hakuja. Kiti chake nilikiona kitupu."

"Angekujaje? Alisema, dada yangu hawezi kwenda siku ya plastiki, nitamngoja siku yake. Kazi wamemnyang'anya kwa hilo. Si limeandikwa mwembeni?" Hidaya akafuta jasho. "Hebu. Umekionaje kiti?"

"Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Siku ya plastiki. Nilimfuata yeye."

Wanawake wawili walitazamana. Hidaya aliuziba mdomo kwa ncha ya buibui. Alikuwa analia au anacheka, Mize hakujua, wala hakuwa na nafasi ya kujua. Alikuwa ameshatoka, miguu mitupu, mikono ina povu la sabuni.

12.

Mbio za mwanamke wa makamo si mbio, ni ugomvi na magoti. Alikimbia huku akitukana. Aliitukana Kamati, na miezi yake kumi na mitatu ya kufinyangwa, na maalimu, na mwembe wa shule. Kisha pumzi ya kuwatukana wengine ikamwishia, akajitukana mwenyewe, na hilo alilifanya kwa haki.

Jua lilikuwa

jua lilikuwa bado kidole kimoja

nusu kidole

13.

Adhana ilimkuta penye ukingo wa kiwanja.

Walikuwa wamebaki wawili tu. Mzee Ussi, anayefungua mwaka na kuufunga, alikuwa anakunja jamvi lake. Vuai alikuwa ameketi juu ya jiwe, amekuwa mdogo ndani ya kanzu yake, mabua mawili mapajani.

"Mwaka umefungwa," alisema Mzee Ussi, bila ukali. "Jua limezama, binti Simai. Hii siku nyingine."

"Nimesikia."

"Dada," alisema Vuai, "nilikungoja."

"Na mie nilikungoja. Kila mtu na siku yake, kama wapumbavu wawili." Mize alijishika kiuno, anahema. "Nimechoka nazo, Mzee Ussi. Zao zinanitapisha, na sasa hii yenu nayo inanifungia mlango usoni. Mama yetu alituzaa siku gani, nani anakumbuka? Alituzaa tu. Vuai, simama unipige."

Vuai alimtazama mzee. Mzee Ussi alikuwa na jamvi kwapani, na ilionekana ana neno. Kisha akawapa mgongo, akaanza kulifungua jamvi lile lile aliloshalikunja, taratibu, kama aliyeona limekunjwa vibaya.

Vuai alisimama. Akampiga dada yake mgongoni.

"Hilo pigo, au unanifukuzia inzi?"

Vuai akacheka, mara ya kwanza mwaka mzima, na kucheka kukamkata pumzi. Akangoja pumzi irudi. Akampiga la pili, la haki, bua likapasuka na maji ya mgomba yakamrukia Mize shingoni.

"Sasa weye," alisema, akimpa bua la pili. "Kifuani. Na usinionee huruma, maana halitahesabiwa, nitakwenda bara na kisirani chetu."

Mize alilipokea. Bua la mgomba likiwa bichi ni zito, watu husahau. Mbele yake kanzu ya mdogo wake ilikuwa inapanda na kushuka, haraka, haraka, na upande wa kushoto kitambaa kilikuwa kinatetemeka peke yake.

"Dada. Piga."

Akaliinua kwa mikono miwili.

"Piga, bwana!"

Akasema bismillahi, na